Nyota moja sio ya wanaoanza: niliyoyajua nikiwa saisi wa farasi wa kuruka viunzi Doha

Kuna tangazo linazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Mtwara, wanatafutwa vijana wa kwenda Qatar kutunza farasi, na tangu lianze kuzunguka simu yangu haipumui, watu wa Chikongola, wa Mikindani, mpaka majamaa wa Nachingwea ambao sijawahi hata kuwaona wananitafuta, "njomba nasikia ulikuaga kule, wanalipa shingapi?" Wote mshahara. Mshahara nitausema huko mbele, ila mi naanza na kitu ambacho hakuna anaeuliza, nacho ni ngazi. Yani yale mashindano ya farasi kuruka viunzi yamegawanyika vipi. Ukienda bila kuelewa hilo utatoka jasho miezi na miezi na hutojua kwanini leo bosi anacheka kesho anarusha kofia chini, na kibaya zaidi hutojua kama yule farasi uliekabidhiwa anafundishwa au anaonewa.

Kwetu Mikindani. Farasi sijakua nae, na nani huku kakua nae? Kusini hii mbung'o ndio alikua mwenye nyumba, hata ng'ombe wengi wengi Lindi wamekuja juzi tu hapa wafugaji walipohamia, sasa farasi angetokea wapi. Mi nilikutana na farasi Arusha, nilienda kusaka maisha nikaangukia kwenye shamba moja lenye farasi wa kubeba watalii, ndo nikajifunza kusafisha kwato, kupiga brashi, kufunga tandiko, kujua farasi akilaza masikio nyuma usimsogelee na maneno yako mengi. Farasi wale walikua hawaruki kitu zaidi ya gogo la njiani. Baada ya miaka kadhaa pale ndo akatokea ajenti wa Doha.

Kuhusu ajenti niseme haraka maana linaniuma. Pasipoti ni 150,000, unalipa serikalini na risiti unapewa, hio halali yake. Ila ajenti alikua na "gharama za faili", afu "gharama za kusukuma faili", afu sijui nini tena, na mjomba wangu ilibidi atoe hela ya korosho ambayo ilikua ya kumalizia bati. Nilivofika kule ndo nakuja kuambiwa sheria ya kazi ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa hela ili aajiriwe, hio ni juu ya mwajiri. Kwahiyo anaekuomba laki kadhaa ili "upate nafasi" muulize hio hela ni ya nini na akuandikie kwenye karatasi, uone atakavopotea.

Haya, Doha. Mabanda ya farasi yana AC, hilo la kwanza lilonishangaza, farasi analala kwenye ubaridi sisi chumbani feni inalia. Kazi zenyewe nilikua nazijua, saa kumi na nusu alfajiri unatoa samadi, unabadilisha maranda, maji, nyasi kavu, kupiga brashi, kuosha miguu baada ya mazoezi, kupaka barafu. Kilichonishinda ni ubao. Kwenye stoo ya chakula kulikua na ubao mweupe, kila wiki meneja anaandika jina la farasi, jina la mpandaji, afu namba. Huyu 1.10. Huyu 1.30 Tebo A. Huyu CSI2*. Huyu miaka 6. Mi nikawa naangalia nyota tu. Kichwani nishajipangia kwamba nyota moja ni za wanaoanza, nyota mbili waliozoea kidogo, mpaka tano mabingwa, yani hoteli. Na sikua peke yangu, karibu kila saisi, yani mtunza farasi, mgeni anafika na hio hio, na nimekuja kugundua hata baadhi ya wenye farasi wenyewe, watu wenye hela zao, wanaamini hivohivo.

Mkuu wa masaisi alikua mzee mmoja wa Kikenya, kaanzia kazi Nairobi enzi za shoo za Jamhuri, mtu wa maneno machache. Siku moja akanikuta nakodolea ubao akaniambia, "Kijana wa Tanzania, hapo kuna vitu vinne na wewe unasoma kimoja. Kuja." Akanipeleka uwanja wa mazoezi, akachukua mti mmoja wa kurukia akauweka kwenye vishikio, akanisimamisha pembeni yake.

Kitu cha kwanza ni kimo. 80 sentimita, mti ukanifika kwenye nyonga. Mita 1.10, juu kidogo ya kitovu. 1.30 kwapani. 1.45 begani. Akaupandisha 1.60, nikawa nauangalia mti macho kwa macho, na mi sio mfupi. Akasema hio ndio Grand Prix, lile shindano kubwa la shoo nzima, ya nyota tano, na Olimpiki wanaruhusiwa kufika 1.65, na hapo ni kimo tu, bado kuna oksa, kile kiunzi cha miti miwili mbele na nyuma ambacho farasi lazima apae juu na aende mbali, upana wake juu kule unafika mita 2. Nilikaa kimya. Ukiangalia kwenye simu unaona farasi anapita tu, kasimame pembeni ya mti wa 1.60 uone.

Kwahiyo kimo ndio lugha ya kweli ya huu mchezo. Mashindano ya ndani ya nchi yanaanzia 60 au 80, yanapanda sentimita tano tano au kumi kumi mpaka 1.30, 1.40, kutegemea nchi. Kila nchi ina majina yake na hapa watu wanapotea sana wakisoma makaratasi ya farasi aliyenunuliwa Ulaya. Waingereza wana British Novice ambayo ni 90, Discovery mita 1, Newcomers 1.10, Foxhunter 1.20. Wajerumani wanatumia herufi, E, A, L, M, S, E ndio chini na S ndio juu, sasa kuna mtu pale alikua anaamini M ni midiamu na S ni smoli kama saizi za nguo, akawa anatafuta farasi wa S kwa ajili ya mtoto. S inaanzia kwenye 1.40. Mzee alicheka siku hio, na haikua kawaida yake.

Kitu cha pili ndo nyota. Nyota zinatolewa na FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, lilianzishwa 1921, makao yake Lausanne Uswisi. Zile herufi CSI zinamaanisha ni mashindano ya kimataifa ya kuruka, na nyota zinafuata zaidi hela ya zawadi na ubora wa shoo yenyewe. Nyota moja zawadi zote kwa pamoja kwa kawaida ziko chini ya faranga 50,000 za Uswisi, tano zinahesabika kwa mamia ya maelfu. Kimo kinafuatana nazo, nyota moja kiunzi cha juu kabisa ni karibu 1.40, mbili 1.45, tatu 1.50, nne 1.55, tano 1.60. Sasa rudia hapo, nyota MOJA inafika 1.40. Begani kasoro kidogo. Nyota moja ni ngazi ya kwanza ya KIMATAIFA, chini yake kuna ghorofa zima la mashindano ya nyumbani ambalo halina nyota hata moja, na ndiko wanakoanzia binadamu.

Afu kingine, ndani ya shoo moja ya nyota mbili kuna madaraja mengi, asubuhi wanaruka 1.15 au 1.20, mchana 1.30, mwisho wa wiki ndo Grand Prix ya 1.45. Kwahiyo mtu akikwambia "farasi wangu kacheza nyota mbili" bado hajakwambia kitu, muulize karuka kimo gani na katoka na makosa mangapi. Sisi huku daraja tunalijua la mpira, Namungo ya Ruangwa ikipanda ligi kuu msimu wa 2019/20 basi timu nzima iko ligi kuu mpaka ishuke. Kwenye farasi hamna hio. Mpandaji mmoja, siku hiohio, saa mbili asubuhi anaingia 1.10 na farasi mtoto, saa sita anaingia 1.30 na mwingine, usiku taa zimewashwa anaingia 1.45 na yule mkubwa. Ngazi ni ya wawili kwa pamoja, mpandaji na farasi, na inabadilika ukibadilisha mmoja wao. Kule juu kabisa ndo kuna mchujo wa majina, mialiko mingi ya nyota tano inafuata orodha ya ubora ya dunia, huwezi kujiandikia tu kwa sababu una hela (ingawa hela haijawahi kumdhuru mtu kwenye mchezo huu, tuseme ukweli).

Kitu cha tatu ni Tebo, yani namna ya kuhesabu. Tebo A ndio ya kawaida, ukiangusha mti pointi 4 za makosa, farasi akigoma mara ya kwanza 4, akigoma mara ya pili kengele inalia umetolewa, ukidondoka umetolewa papohapo. Waliotoka safi, sisi tunasema kliya, wanaitwa tena kwa njia fupi na viunzi vinaweza kupandishwa, hio ndo jampofu, hapo mwenye makosa machache anashinda na wakilingana wanaangalia saa. Tebo C kila mti unaoanguka unageuzwa sekunde, kwa kawaida 4, kwahiyo ni mbio, farasi muoga usimpeleke huko. Kuna ya awamu mbili, ukitoka safi awamu ya kwanza unaunganisha ya pili bila kutoka uwanjani. Na kuna ile ambayo mshindi ni aliekaribia muda uliopangwa bila makosa, sio aliewahi kuliko wote. Hii ya mwisho na ya awamu mbili kwa mtu anaejifunza ni nzuri mno kwa sababu hakuna anaemlazimisha akimbie, na cha ajabu ndo wanaoanza wanazidharau eti hazina mbwembwe.

Cha nne ni umri. Wa farasi kwanza. Farasi wa huko Ulaya wote wanaongezwa mwaka tarehe 1 Januari, hata kama kazaliwa mwezi wa tano. Kuna mashindano ya dunia ya farasi vijana kule Lanaken Ubelgiji, ya miaka 5, 6 na 7, na wale ni bora wa bora, wenye miaka 5 wanaruka kwenye 1.20 na kitu, 6 kwenye 1.30 na kitu, 7 kwenye 1.40 na kitu. Farasi wa kawaida mpunguzie hapo. Binadamu nao wana makundi, watoto 12 mpaka 14, junia 14 mpaka 18, vijana 16 mpaka 21, na wanaopanda poni, farasi wadogo ambao hawazidi kimo cha sentimita 148 bila viatu vya chuma. Wanawake na wanaume wanashindana pamoja toka chini mpaka Olimpiki, hakuna ya kina dada, hio mi niliipenda.

Sasa nimeelezea yote hayo ili muelewe kilichompata jike wa kijivu.

Aliletwa kutoka Ubelgiji na miaka 8, mrembo, macho makubwa, akinisikia mlangoni anagonga ndoo. Nilikabidhiwa mimi. Makaratasi yake yalikua yanaonyesha akiwa na miaka 7 karuka 1.40 safi mara kadhaa, ila chini ya mpandaji wa kazi, mtu anaekula kwa hio kazi. Aliyemnunua alikua mzee mwenye mali yake kwa ajili ya kijana wake wa miaka 19, na yule kijana alikua hana roho mbaya, ananisalimia, anauliza farasi kalaje, ila ngazi yake ilikua 1.10 na farasi mzee wa shule ya kupanda. Hesabu yao ilikua rahisi, farasi ni wa 1.40, kijana ni wa 1.10, basi tumsukume kijana farasi atambeba.

Na mwanzo akambeba kweli. 1.20 ya kwanza wakatoka safi, video ikarushwa kila mahali, keki ikaliwa bandani. Mi nilikua nimesimama getini na ndoo yangu naona kitu kingine. Kijana alikua anafika kwenye kiunzi karibu mno au mbali mno, jike anajipindua mwenyewe kurekebisha, afu wakitua kijana anajishikilia kwenye hatamu, lijamu inamvuta mdomo. Kila kiunzi. Mzee wa Kikenya pembeni yangu akasema taratibu, "Huyu anamwokoa. Atamwokoa mara chache, akichoka atasimama."

Pale mwenye akili angekaa kwenye 1.20 msimu mzima. Lakini kulikua na CSI1* inakuja, na kikao kikakaliwa, na neno likawa lile lile, "ni nyota moja tu, ndio ya kuanzia." Mwalimu alijua, naamini alijua, ila mwalimu nae analipwa na nani? Wakamuandikisha 1.35.

Kiunzi cha nne wakaangusha. Wakafika kwenye dabo, viunzi viwili vinavyofuatana kwa hatua moja katikati, cha pili oksa pana. Hatua moja ya farasi ni kama mita 3 na nusu hivi, hatua zako nne wewe, ndo maana unawaona wapandaji kabla ya shoo wanatembea uwanjani kwa miguu wanahesabu. Kijana aliingia mbali, jike akaruka cha kwanza kwa shida, cha pili akasimama kifua kikagonga miti. Wakazunguka. Fimbo. Akasimama tena. Kengele. Walivotoka getini nilimpokea mdomoni kuna povu la pinki na miguu inatetemeka, kijana analia, baba yake anaongea na simu. Mi nilitamani niseme kitu, ila saisi hasemi getini, unashika hatamu unatembeza farasi apoe.

Shoo iliofuata wakamshusha 1.20, akagoma kiunzi cha kwanza. Nyumbani akagoma 80. Farasi wa 1.40, juu ya 80! Daktari akaja akaangalia mgongo, meno, kwato, picha za miguu, bili ya maana, hakuna kilichovunjika. Kilichovunjika hakionekani kwenye eksrei. Bandani alianza kunigeuzia matako nikiingia na lijamu, akawa anabakiza chakula, na mi nakwambia ukweli kuna siku nilikaa kwenye maranda nikasema narudi zangu Mtwara nikavue.

Kilichomrudisha ni muda. Alipewa dada mmoja mpandaji wa kazi, mkono wake mwepesi, wakaanza na miti iliyolazwa chini, wiki kwa wiki, afu 60, afu 80, akigoma hakuna kelele, wanashusha wanaanza upya. Msimu uliofuata alikua anatoka safi 1.20, na mwisho mwisho 1.30. Kijana nae alipewa dume mzee wa miaka 16 ambae alishaona kila kitu, wakakaa kwenye awamu mbili za 1.10 mpaka zikamchosha, akajifunza kuhesabu hatua juu ya farasi asiyetishika. Mpandaji mchanga anawekwa juu ya farasi mkongwe, farasi mchanga anapewa mpandaji mkongwe, wote wawili wakiwa wachanga kwa ngazi ile mmoja ataumia. Mzee wa Kikenya aliniambia hilo ndo swali la kwanza la kuuliza kabla hujaangalia kimo. Jike aliuzwa baadae kwa bei ambayo haikukaribia hata nusu ya aliyonunuliwa, na waliomnunua walimtaka kwa 1.20 basi. Sijui kama watu walikaa chini wakapiga hesabu kwamba ile shoo moja ya nyota moja ndo ilikua ghali kuliko zote.

We saisi ungeweza kufanya nini pale? Kidogo, ila sio sifuri. Tafuta daftari. Andika kila shoo, kimo, Tebo, kaangusha vingapi, kagoma wapi, kalaje usiku ule, miguu ilikua ya moto au baridi asubuhi. Mi daftari langu ndo lilimsaidia daktari na yule dada kuona kwamba matatizo yalianza kabla ya ile 1.35, ulaji ulikua ushapungua tangu ile 1.20 ya keki. Na maneno mpelekee mkuu wa masaisi, usimrukie mwenye farasi, utarudishwa nyumbani na hoja yako nzuri.

Mkianza kwenda shoo za FEI mambo yanabadilika na hapa ndo saisi anaweza kumponza bosi bila kujua. Farasi ana pasipoti yake na chipu shingoni. Chanjo ya mafua lazima iwe ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kufika, na isiwe imechomwa ndani ya siku 7 za mwisho, pasipoti ya farasi ikikosewa tarehe mnaweza kugeuzwa getini na lori lenu. Buti za miguu ya nyuma zinapimwa, ndani zisizidi sentimita 16, na mguu mmoja vitu vyote usizidi gramu 500, toka 2021 hio ni kwa wote, maana kuna watu walikua wanabana farasi miguu ya nyuma ili airushe juu. Kwahiyo kabla hujafunga buti mpya uliza.

Afu dawa. Farasi wanapimwa mkojo na damu. Mi nilibeba kutoka nyumbani dawa yangu ya kuchua, ile ya moto yenye pilipili, si unajua mgongo wa kazi. Mzee wa Kikenya aliiona kwenye begi akaichukua akaitupa, sikupewa hata maelezo, jioni ndo akanihadithia. Olimpiki ya 2008, Beijing, farasi wanne wa kuruka walikutwa na kapsaisini, kile kiungo cha moto cha pilipili, na Norwe wakanyang'anywa medali ya shaba ya timu, ikaenda Uswisi. Pilipili! Toka siku ile nilikua nanawa mikono baada ya kula utadhani naingia theta. Na lingine ambalo hakuna atakaekuandikia kwenye mkataba, usikojoe bandani kwa farasi. Watu wanafanya, usiku choo mbali, maranda yapo. Kama umemeza dawa, au umekunywa kahawa nyingi, farasi anakula nyasi zilizodondoka palepale, kafeini inaonekana kwenye kipimo, na atakaefungiwa ni mpandaji. Tembea mpaka chooni.

Nyota tano nimeziona. Doha inapokea Global Champions Tour, ile ziara ya mashindano ya nyota tano iliyoanzishwa 2006, wanakuja na farasi wao kwa ndege, na saisi wa pale anaenda na farasi mmoja au wawili tu, anamjua mpaka kukohoa. Nilipata kibali cha kusaidia siku moja, nikasimama karibu na uzio wakati wa 1.60. Farasi akipaa unasikia pumzi yake inakatika juu, kimya, afu kwato nne. Kule njia inachorwa makusudi watoke safi wachache. Fainali ya mmoja mmoja ya Olimpiki ya Paris 2024, kule Versailles, waliingia 30 wakatoka safi 3 tu, Christian Kukuk wa Ujerumani na Checker 47 ndo wakachukua dhahabu. Watu wanasema Waafrika na Waarabu hawawezi, waambie Khaled Al-Eid wa Saudia alichukua shaba ya Olimpiki Sydney 2000. Sisi wa huku chini ya Sahara shida nyingine ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na vijidudu vinavyouma usiku, farasi wa kwetu kuvuka kwenda nje ni karantini na makaratasi mpaka ukome. Ndo maana FEI wana shindano moja ambalo kila nchi inaruka kwao, njia imechorwa moja kwa wote, limegawanywa A, B na C, C ndo chini. Kijana wa Nairobi anaweza kulinganishwa na wa mbali huko bila farasi kupanda ndege.

Haya mshahara sasa. Qatar toka mwezi wa tatu 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na kama mwajiri hakupi malazi anaongeza 500, kama hakupi chakula anaongeza 300. Akikupa mkataba chini ya hapo usisaini. Juu ya hapo inategemea ngazi ya banda, na ndo maana nimeanza na ngazi. Banda la kufundisha watoto la 80 na mita 1 utakua na farasi wengi, hela ya kawaida, ila ratiba inatabirika na kila usiku unalala kitandani kwako. Banda la nyota mbili tatu farasi wachache, safari, usiku unalala kwenye lori au kiti cha plastiki, ila kuna bahasha farasi akishinda, baadhi ya mabosi wanatoa, wengine wanakupiga begani. Kwahiyo kwenye intavyuu ya video usikae kimya kama maiti, uliza: farasi wangapi kwa saisi mmoja, wanaruka kimo gani, shoo za ndani au za FEI, nani anashika pasipoti yangu (jibu sahihi ni wewe mwenyewe). Wakikuuliza uzoefu, kama uliwahi kutunza farasi wa watalii tu sema hivohivo, wanapendelea mtu anaejua kusoma masikio ya farasi kuliko muongo anaesema kafanya nyota tano, watakupima siku ya kwanza kwa kukupa buti za nyuma ufunge.

Na kama una uwezo wa kuchagua tarehe ya kuondoka chagua mwezi wa nane au wa tisa. Msimu wa shoo Ghuba unaanza karibu mwezi wa kumi unaisha wa nne, kwa sababu ya joto. Ukifika Januari unakuta kila wiki lori linapakiwa, hakuna mtu mwenye muda wa kukusimamisha pembeni ya mti akuonyeshe 1.10 iko wapi. Ukifika wa nane farasi wanafanya kazi nyepesi alfajiri, mkuu wa masaisi amekaa, anaongea. Ila beba kofia pana na soksi za pamba za kutosha, kule saa tano asubuhi mchanga unachoma mpaka ndani ya buti.